Kamera Ikiwageukia Mashabiki

Wazee wamekaa mkahawani wanaimba wimbo wa rock. Hawachekeshi watu, wala hawajifanyi vijana. Wimbo ni Help the Aged, uliotolewa na bendi ya Pulp mwaka 1997, na habari yake ni uzee. Jarvis Cocker, mwimbaji wa bendi hiyo, alipouandika alikuwa katika miaka ya thelathini, uzee anauona kwa mbali. Wakiuimba hawa wenye mvi, umbali ule unakwisha. Tukio hilo limo katika filamu ya Florian Habicht, Pulp: A Film About Life, Death & Supermarkets, iliyotoka mwaka 2014. Kwa maoni yangu linajibu vizuri kuliko maelezo yoyote swali ambalo watengenezaji wa dokumentari za muziki hulikwepa: watu wa nyumbani kwa bendi wana kazi gani ndani ya filamu ya bendi hiyo?

Mpangilio wa filamu hizi umezoeleka mno. Picha za utotoni, chumba cha mazoezi, kibao cha kwanza kushika chati, ugomvi, ulevi, kuachana, kupatana. Katikati wanapangwa wakosoaji na wanamuziki mashuhuri, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akieleza jinsi bendi ilivyomgusa. Mashabiki wanaonekana kwa mbali, mikono juu, gizani. Wakipewa nafasi ya kusema, ni sekunde chache nje ya uwanja, wakiwa wamesisimka kiasi kwamba hawawezi kusema lolote la maana. Mtu akitoka kuangalia filamu ya namna hiyo anajua bendi ilikula nini na ililala wapi, lakini hajui kwa nini muziki ule ulizaliwa katika mji ule na si mwingine.

Habicht, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia New Zealand, alikwenda Sheffield, Uingereza, mji wa nyumbani wa Pulp, Disemba 2012 kurekodi onyesho la bendi hiyo lililotangazwa kuwa la mwisho. Ukumbi mkubwa wa mji ulijaa. Lakini sehemu kubwa ya filamu yake iko nje ya ukumbi: sokoni, kwa muuza magazeti, kwa kikundi cha wanawake wanaoimba Common People kwa sauti tupu bila ala. Wimbo huo wa mwaka 1995, unaomhusu msichana tajiri anayetaka kuonja maisha ya watu wa kawaida, ulifika nafasi ya 2 katika chati za Uingereza, na umepigwa katika matamasha mengi mno. Ukiimbwa na wanawake wa Sheffield, mji wa chuma na visu ulioona viwanda vyake vikifungwa kwa wingi katika miaka ya 1980, unarudi kwa wanaohusika.

Historia ya bendi yenyewe inaeleza kwa nini uamuzi huo ulikuwa sahihi. Cocker alianzisha Pulp mwaka 1978, akiwa shuleni, na umri wa miaka 15. Albamu ya kwanza ikatoka 1983 na haikwenda popote. Mwaka 1985 akaanguka kutoka dirishani akijaribu kumfurahisha msichana, akaumia vibaya, na kwa muda akawa anapanda jukwaani na kiti cha magurudumu. Mwaka 1988 akahamia London kusomea filamu. Kuanzia bendi ilipoanzishwa hadi Common People ni miaka 17, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo Pulp ilikuwa jambo la watu wachache tu, wengi wao wa Sheffield na vitongoji vyake. Habari za kipindi hicho magazeti makubwa hayakuziandika. Wanazo waliokwenda kuwasikiliza siku za mvua katika kumbi zilizo nusu tupu. Mwandishi maarufu wa London anaweza kueleza mwaka 1995. Hawezi kueleza mwaka 1983.

Soko linaloonekana katika filamu liliitwa Castle Market. Cocker aliwahi kufanya kazi pale katika ujana wake, kwenye meza ya samaki. Novemba 2013, kabla filamu haijatoka, soko lilifungwa, na mwaka 2015 likaanza kubomolewa. Kwa hiyo Habicht alikwenda kurekodi mwisho wa bendi akarekodi mwisho wa soko. Bendi, kama tujuavyo sasa, haikufa. Ilirudi jukwaani mwaka 2023, mwaka uleule alipofariki mpiga besi wake Steve Mackey, na mwaka 2025 ikatoa albamu mpya, More. Bendi zina desturi ya kurudi. Soko halirudi, na wateja wake wakishatawanyika hakuna tamasha la kuwakusanya tena.

Kuna hoja ya haki inayoelekezwa kwa filamu hii: baadhi ya wanaohojiwa si mashabiki wa kindakindaki, na mtazamaji anaweza kuhisi wamewekwa kwa ajili ya uso wao, lafudhi yao au uzee wao. Hatari hiyo ipo katika kila filamu inayotoka studio kwenda mtaani, na mimi naipima kwa swali moja. Mtu huyu, akiwa mbele ya kamera, anajua kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kukisema? Akijua, ni shahidi. Asipojua, amegeuzwa pambo, hata kama mwongozaji anampenda. Kwa kipimo hicho Habicht anapita mara nyingi, kwa sababu anawauliza watu habari za maisha yao wenyewe, anawaacha wamalize sentensi, na haharakishi kuwarudisha kwenye jina la bendi. Anajikwaa pia, lakini hajifichi.

Kipimo hichohicho kikipelekwa Havana kinatoa matokeo mengine. Buena Vista Social Club ya Wim Wenders, ya mwaka 1999, ilimfanya mwimbaji Ibrahim Ferrer na wenzake wajulikane dunia nzima, na hakuna anayeweza kuibeza kazi hiyo. Wazee waliokuwa wamesahauliwa walipata heshima na riziki wangali hai. Ila angalia ni wapi wanapigiwa makofi. Matamasha yaliyomo katika filamu ni ya Amsterdam na ya Carnegie Hall, New York, yote ya mwaka 1998. Havana ni mitaa ya kupita kwa pikipiki, kuta zilizochujuka rangi, magari ya zamani. Watu wa Havana wanaonekana wakitembea, lakini ni nadra kusikika wakisema muziki huo una maana gani kwao. Wala filamu haisemi kwamba vijana wa mji huo, miaka hiyohiyo, walikuwa wanacheza timba, muziki wa bendi kama NG La Banda. Mtazamaji wa mbali anabaki na picha ya mji ambao saa yake ilisimama mwaka 1958. Kosa hilo lingeweza kuepukwa kwa kumhoji jirani mmoja tu mwenye kumbukumbu na msimamo.

Kinshasa inatupa mfano mzito zaidi. Septemba 1974 lilifanyika tamasha la siku tatu, Zaire 74, lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akaumia, pambano likasogezwa hadi Oktoba, tamasha likabaki palepale. Wageni waliotarajiwa kutoka nje hawakuja, na uwanja ukawa wa wenyeji. Wamarekani walipiga, na Franco na TPOK Jazz wakapiga, Tabu Ley akapiga, Abeti akapiga, mbele ya umati uliowajua kwa majina. Mikanda ya filamu ikakaa ghalani kwa miongo. Soul Power ilipotoka hatimaye mwaka 2008, wenye nafasi kubwa walikuwa James Brown na wenzake. Bendi za nyumbani ziliachiwa vipande. Muziki wao wa siku zile ulitolewa kama albamu mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Wengi waliokuwa uwanjani walikuwa wameshafariki. Nikiitazama Soul Power nafurahi kama mtu yeyote mwenye masikio, lakini nafsi inaniuma kila kamera inapowaonyesha watu wa Kinshasa wakishangilia bila kutuambia wanamshangilia nani.

Katika mji huohuo, Renaud Barret na Florent de La Tullaye walitumia miaka kadhaa kuwafuata Staff Benda Bilili, wanamuziki waliopooza miguu kwa polio, waliokuwa wakifanya mazoezi katika eneo la bustani ya wanyama na kutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizozirekebisha wenyewe. Kijana Roger Landu alikuwa na ala yake ya waya mmoja uliofungwa kwenye kopo. Filamu yao, Benda Bilili!, ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Uzuri wake ni kwamba hadhira ya kwanza ya bendi ni watoto wa mitaani, wanaolala kwenye maboksi palepale wanapolala wanamuziki. Hawatofautishwi na bendi. Roger mwenyewe anatoka miongoni mwao. Udhaifu wake unaanza bendi inapopanda ndege. Ulaya inashangilia, filamu inafurahi, na waliobaki Kinshasa wanapungua kwenye picha hadi wanatoweka. Mwaka 2013 kundi likasambaratika, na wawili kati yao, Coco Ngambali na Theo Nsituvuidi, wakaanzisha bendi ya Mbongwana Star. Mvutano kati ya waliosafiri na waliobaki ndio hasa kisa ambacho filamu ilikuwa imeshika mwanzo wake na kuuacha.

Waingereza wana filamu nyingine ya kutajwa kwa haraka, The Stone Roses: Made of Stone ya Shane Meadows, ya mwaka 2013. Sehemu yake iliyo hai kuliko zote ni ya Mei 2012, bendi ilipotangaza ghafla onyesho la bure katika ukumbi mdogo wa Warrington, na anayetaka kuingia akatakiwa aonyeshe kitu cha kuthibitisha ushabiki: sahani, CD au fulana ya bendi. Watu wazima wanaacha kazi katikati ya siku na kukimbia. Hapo Meadows aliacha kumfuata mwimbaji akafuata foleni, na filamu ikapata moyo.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katika baadhi ya muziki wetu wimbo haujakamilika mpaka msikilizaji aongeze lake. Mfano ulio wazi ni taarab. Mama anainuka kitini, noti ameiinua juu kwa vidole viwili, anakwenda kwa mahadhi, hana haraka. Anapita mbele ya safu za viti. Huenda akapunguza mwendo mbele ya mtu fulani, akamgeuzia bega. Kisha anamfikia mwimbaji, anamtunza, anarudi kukaa. Ukumbi mzima umeona ni ubeti gani umemwinua na salamu zimemwendea nani. Mshairi aliandika maneno ya mapenzi au ya kijembe bila kumtaja mtu. Mwenye kutunza ndiye aliyeyapa jina na anuani. Kamera iliyobaki kwenye uso wa mwimbaji wakati huo imerekodi sauti nzuri na kukosa habari yote.

Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 na kujulikana pia kwa jina la mtaa wake, Malindi, kina filamu yake: Poetry in Motion, iliyoongozwa na Ron Mulvihill kwa kushirikiana na mwanaanthropolojia Kelly Askew, ikiadhimisha miaka 100 ya kikundi. Miaka mia moja ya kikundi hicho imepita chini ya masultani, Waingereza, Mapinduzi ya 1964, enzi za chama kimoja na enzi za watalii. Waliokivusha ni wapenzi wake, kizazi hata kizazi, ambao wengi wao walikuwa wapinzani wa wapenzi wa kikundi kingine, Culture, chenye asili yake mwaka 1958. Ushindani wa namna hiyo ni wa zamani katika pwani yetu. Kabla yake kulikuwa na ngoma za beni, Marini na Arinoti wakishindana kwa sare, vyeo na paredi, na vikundi vya wanawake wa Unguja vilivyoshindana kwa nyimbo na mavazi hadi watu wakahasimiana. Kusimulia kikundi kimoja bila mahasimu wake ni kusimulia mechi kwa kuonyesha goli moja.

Na kuna mashabiki wa nyumbani ambao kamera haina haki ya kuwafuata. As Old as My Tongue, filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, inamhusu Bi Kidude, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013. Ulimwengu ulimjua kama bibi mwenye sauti nzito anayevuta sigara jukwaani. Kwa wanawake wengi wa Unguja alikuwa kwanza kungwi, mwenye unyago wake. Hadhira yake ya karibu kuliko zote ilikuwa wasichana aliowafunda, na yaliyosemwa na kuchezwa mle ndani yana miiko yake. Mwongozaji mwenye adabu hapo anasimama mlangoni. Ushuhuda wa mwanamke aliyekubali kueleza alivyofundwa, bila kutaja yasiyotajika, una thamani kuliko picha iliyoibwa.

Tanzania Bara hali ni ya kusikitisha, na ndiyo iliyonisukuma kuandika uchambuzi huu. Bendi zetu za dansi zilibeba majina ya miji: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz. Mji ulikuwa kwenye jina kabla ya mwimbaji yeyote. Chukua Morogoro peke yake. Mji kasoro bahari ulikuwa na Morogoro Jazz upande mmoja na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande mwingine, na wapenzi waligawanyika. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'arisha Morogoro Jazz na kwenda nayo Osaka katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akafa naye kwa ajali ya gari, Kenya, mwaka 1979. Nyimbo zao bado zinapigwa redioni. Lakini watu waliojaa kumbini wakati ule wamehojiwa na nani?

Wapenzi hao wanajua jambo ambalo kanda hazijui. Wimbo wa dansi huanza taratibu, maneno yakisikika vizuri, halafu unaingia chemko, pale magitaa yanaposhika kasi na watu kusahau viti. Santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na chemko likafupishwa. Ukumbini lilikwenda kadiri wachezaji walivyotaka. Mpiga gitaa aliangalia miguu ya watu kabla ya kuamua kuendelea au kufunga. Kwa hiyo tunachokisikia leo ni muhtasari, na wanaojua urefu halisi wa muziki ule ni waliocheza. Aliyekuwa na miaka 20 Salum Abdallah alipofariki sasa amevuka 80.

Dar es Salaam bado ina nafasi nzuri zaidi, maana Msondo na Sikinde hazijawa historia tupu. Msondo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikazaliwa 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC, na mtindo wake wa Sikinde ukawa jina. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alizitumikia zote mbili kabla ya kufariki Aprili 2014, na ukitaka kujua alikuwa wa nani hasa, waulize wapenzi wa pande zote mbili uone ubishi utakavyowaka. Siku za mpambano wa bendi hizi, watu waliovaa nadhifu tangu saa za alasiri wanakuja na historia nzima vichwani: nani alihama mwaka gani, wimbo gani ulimjibu nani, nani aliimba kiitikio kabla ya yule anayekiimba sasa.

Kazi kadhaa zimeanza. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 kitabu, CD na filamu juu ya muziki wa benga, ikiwafuata wakongwe hadi majumbani kwao. Amil Shivji na Rebecca Corey wametengeneza Wahenga, inayomfuata mwanamuziki John Kitime katika juhudi za kuwarudisha jukwaani wanamuziki wa zilipendwa. Ni kazi za kuheshimiwa, na zote, kama inavyotarajiwa, zinaanza na mwanamuziki. Hatua iliyobaki ni filamu inayoanza na mchezaji.

Najua kikwazo kitakachotajwa kwanza: haki za nyimbo. Ni kikwazo cha kweli. Wimbo mmoja katika filamu unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Kwa muziki wetu wa dansi, mtunzi mara nyingi amefariki na warithi wametawanyika. Rekodi ilifanyika studio za Redio Tanzania, na kanda sasa ziko kwa shirika la utangazaji, TBC. Bendi yenyewe ilikuwa mali ya chama au shirika ambalo limebadilishwa jina mara tatu au halipo kabisa. Kumpata wa kutia saini kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupiga picha, na asiyefanya hivyo kwa uaminifu anawaibia tena watu walioibiwa mara ya kwanza.

Lakini kumbukumbu ya mpenzi wa bendi haidaiwi ruhusa na mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Anaweza kurekodiwa wiki hii, sebuleni kwake, kwa simu yenye maiki ya bei nafuu, huku mafaili ya haki yakifuatiliwa ofisini. Aulizwe alivaa nini, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, alirudi nyumbani saa ngapi na kwa usafiri gani, aliwachukia wapenzi wa bendi ile nyingine kwa sababu ipi. Apewe nafasi ya kuimba ubeti anaoukumbuka hata kama haumo kwenye kanda. Kuhusu uzinduzi pia tuna mfano: filamu ya Pulp ilizinduliwa nchini Uingereza Juni 2014 katika ukumbi wa mji wa Sheffield, ikitazamwa na watu wa mji uliomo ndani yake. Ya Morogoro izinduliwe Morogoro, kabla ya matamasha ya filamu ya Zanzibar, Durban na Amsterdam, na viti vya mbele wakae waliohojiwa, wawe na haki ya kusimama na kusema pale mwongozaji alipokosea mwaka au jina.